Meno Ishirini na Sita

Mwanangu Adhiambo,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa saa nane kwenda Kondele kusukwa nywele, umeacha sanduku wazi kitandani, na mama yako anakunja na kukunjua nguo zile zile tangu asubuhi. Utarudi jioni. Kesho jioni utapanda treni ya Nairobi. Hapo katikati nimepata saa chache za kukaa peke yangu na kalamu, na saa hizi nimezikwepa kwa miaka kumi.

Sitakuandikia habari za chakula, za marafiki, wala za kufunga mlango wa bweni. Hayo mama yako ameshayasema, na atayasema tena stesheni mpaka treni iondoke akiwa bado anasema. Hata kupiga mswaki sitakukumbusha. Mimi, ambaye watu wa Manyatta mpaka leo wananiita Mwalimu wa Meno, nakuacha uende bila neno lolote juu ya mswaki. Ukifika mwisho wa barua hii utajua kwa nini.

Nimesoma barua yako ya kuomba chuo. Usikasirike. Nakala uliiacha mezani, nami nilidhani ni karatasi ya kuwashia jiko. Walikuuliza kwa nini unataka kuwa muuguzi, nawe ukajibu kwa Kiingereza kizuri, kwa mwandiko wako ule wa kusimama wima. Lakini mimi nilikisoma kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu: nimechagua kazi hii kwa sababu ujinga wa nyanya yangu ulimuua ndugu yangu. Nilisoma mara tatu. Nikairudisha palepale, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, na mama yako akaniuliza kama tumbo linaniuma.

Adhiambo, nyanya yako hakumuua Omondi. Wewe uliamini hivyo kwa sababu mimi nilikuambia, na nilikuambia kwa sababu ilinifaa. Sasa umeichukua hiyo habari umeifanya msingi wa maisha yako, na kesho unaondoka nayo. Siwezi kukuacha uende nayo hivyo, ingawa kusema ukweli sioni itakusaidia nini kuijua leo.

Unajua kazi niliyokuwa nikifanya, lakini uliijua ukiwa mdogo. Sikuwa daktari. Nilikuwa mfanyakazi wa afya wa kawaida, kazi yangu kuzunguka shule za msingi nikiwafundisha watoto habari za meno. Mwanzoni nilisimama mbele ya darasa nikasoma kutoka kitabuni, watoto wakasinzia, na mwalimu wao akasinzia pia. Ndipo nikabuni chemsha bongo. Nilikata kadi kutoka kwenye maboksi ya sabuni, nikaandika swali upande mmoja na jibu upande wa pili, nikazitia katika kopo la biskuti. Nikatoa na kengele kwenye baiskeli yangu mbovu. Anayejibu vizuri anapata mswaki au penseli. Anayekosa anapigiwa kengele.

Mambo yakabadilika siku ile ile. Ni kitu gani kigumu kuliko vyote mwilini? Watoto wote walipiga kelele, mfupa, nami napiga kengele, kwa maana ni ganda la nje la jino. Mamba akivunjika jino anafanyaje? Anaota lingine, na lingine, maisha yake yote. Hilo walilipenda, maana mamba wanamjua. Na swali lililonipatia jina lilikuwa la konokono. Niliwaambia konokono ana meno maelfu, madogo sana, yako kwenye ulimi wake. Walikataa katakata. Mtoto mmoja aliniambia, "Mwalimu, hiyo ni uongo, konokono hana hata mdomo." Mchana wake nilipita ufukweni nikawakuta wameinama kwenye mawe, kila mmoja na konokono wake mkononi, wanamchungulia.

Niliipenda kazi hiyo, mwanangu. Lakini kwa kuwa leo nimeamua kusema yote, nitakuambia nilichokipenda zaidi. Nilipenda kengele. Nilipenda ile nafasi ndogo kati ya jibu la mtu na kidole changu, wakati mimi najua na yeye hajui. Kuna wazee waliokuwa na mashamba na ng'ombe, na wake wa machifu waliovaa vizuri, na wote kwa dakika hiyo walikuwa chini ya kidole changu. Nilivimba kichwa na sikujua kwamba nimevimba.

Sasa nikupeleke Kisian, siku ya wazazi pale shuleni. Unaikumbuka, kwa sababu ndiyo siku uliyopata mswaki mwekundu. Ulikuwa na miaka saba, nami nilikuchukua wewe na mama yako mje mnione kazini. Tuliazima kipaza sauti cha kanisa. Watoto waliketi chini mbele, wazazi wakaketi kwenye madawati nyuma yao. Nyanya yako, Dani, alikuja kwa miguu kutoka nyumbani kwake, amevaa gauni la kanisani, na akakataa dawati la nyuma. Alikaa pembeni mbele kabisa, karibu na watoto, apate kumsikia mwanawe vizuri.

Nilipomaliza na watoto, nikasema sasa ni zamu ya wazazi. Nikatoa kadi iliyokuwa rahisi kuliko zote: mtu mzima ana meno mangapi? Watu wakatazamana. Dani akasimama kabla ya mtu yeyote. Alisimama haraka hivi, kama msichana, kwa furaha ya kuwa wa kwanza kumjibu mwanawe, na akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Ishirini na sita."

Umekua ukiuona mdomo wa Dani, kwa hiyo unaelewa. Yeye alikulia wakati ambapo mtoto wa Kijaluo alikuwa mtoto tu mpaka ang'olewe meno sita ya mbele ya taya la chini. Desturi hiyo waliiita nak. Mwenye pengo ndiye mtu mzima, mwenye meno yote bado ni mtoto. Kwa hiyo alipoulizwa mtu mzima ana meno mangapi, hakukisia. Alijibu kitu anachokijua kwa mwili wake.

Nikapiga kengele.

Watu wakacheka, lakini kicheko kizuri tu, cha jirani, naye akacheka pia. Yangeishia hapo. Lakini kile kicheko kilinipanda kichwani. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Umekosa, Mama. Ni thelathini na mawili. Hayo sita umeyasahau nyumbani?" Wakacheka zaidi. Nikaona siku yangu inakwenda vizuri, nikamwita mbele. Nikamwambia afungue mdomo watoto wahesabu yaliyopotea.

Aliniangalia kidogo. Ningekuwa mtu mwingine angenitukana na kuondoka, kwa maana mama yangu hakuwa mtu wa kuchezewa. Lakini nilikuwa mwanawe, nimevaa tai, na watu wote walikuwa wanatazama; hakutaka kuniaibisha. Akaja, akafungua mdomo. Watoto wakahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka sita. Wewe ulikuwa mbele na uliwashinda wote kwa kelele, ndiyo maana nilikupa ule mswaki. Hukuwa na kosa lolote. Ulikuwa unamfuata baba yako.

Kisha nikawaambia watu kwamba mdomo huu hauna cha kutufundisha, tusonge mbele. Nilisema hivyo, Adhiambo. Nimejaribu kukumbuka kwamba nilisema vingine, kwamba nilisema mila hii badala ya mdomo huu. Sikusema vingine.

Na mimi niliyesema hayo nilikuwa na meno yangu yote thelathini na mawili kwa sababu yake. Nilipofikisha umri, mjomba wa baba alitaka ning'olewe, maana familia chache zilikuwa bado zinafanya. Mama alinishika mkono asubuhi tukatembea mpaka misheni, akanikabidhi kwa mwalimu mmoja, nikakaa huko mpaka maneno yakapoa. Alipigwa kwa ajili hiyo. Aliniambia hakulia yale maumivu ili na mimi nije niyalie. Nilikuwa najua haya yote nikiwa nimeshika kile kipaza sauti.

Tangu siku hiyo alianza kuufunika mdomo wake kwa leso akiwa mbele yangu. Akiongea nami, leso iko mdomoni. Chakula hakula tena meza moja na mimi. Alisema ana kazi jikoni. Kwa wengine hakujifunika. Kwako hata kidogo. Wewe ulikuwa unamtia kidole kwenye pengo naye anakipigia mluzi, mnacheka mpaka mama yako anawafukuza nyumba nzima. Mimi nikiingia, mluzi unakwisha. Nilijiambia ni uzee, na nikaendelea na kopo langu la biskuti.

Omondi alizaliwa mwaka uliofuata. Alipofika miezi saba alishikwa na homa na kuharisha. Dani alikuwa amekuja Manyatta kumsaidia mama yako, kwa sababu mimi nilikuwa nimetoka wiki nzima, niko shule za upande wa Bondo. Hapakuwa na simu ya kunifikia. Mama yako alikuwa amekesha siku tatu. Jirani yetu, yule Mama Njeri aliyekuwa akiuza viazi, mtu mwema kabisa, akaja kumwona mtoto, akamfungua mdomo, akaona ufizi umevimba na kuna vidoa vyeupe. Akasema, "Mama Adhi, hii si malaria. Hii ni meno ya plastiki. Ikikaa mtoto anaenda. Kuna mama huko Obunga anatoa."

Unajua wanavyoamini. Kwamba kuna meno mabaya yanajificha kwenye ufizi wa mtoto mchanga, na yasipochimbwa yanamuua. Kumbe wanachochimba ni mbegu ya jino lenyewe. Mimi nilikuwa na kadi ya swali hilo. Sikuwahi kuitumia mbele ya kina mama, kwa sababu haikuchekesha.

Mama yako hakutaka kwenda. Nataka ulijue hilo kabla hujamgeukia. Alimgeukia Dani, ambaye alikuwa mkubwa wa nyumba, akamuuliza, "Mama, wewe unasema aje?" Dani alikuwa amekaa mlangoni anachambua mboga. Mama yako anasema aliendelea kuchambua, mpaka akadhani hakusikia. Kisha akasema mambo ya meno katika nyumba hii yana mwenyewe, mngojeni arudi.

Hawakuningoja. Usiku ule mtoto alizidiwa, na asubuhi mama yako akasema twende. Alikuwa hawezi hata kusimama vizuri kwa uchovu, kwa hiyo Dani ndiye aliyemfunga Omondi mgongoni. Wewe ulikuwa unajiandaa kwenda shule. Ulimwona Dani akitoka mlangoni na mtoto mgongoni, na hicho ndicho ulichokiona. Huko Obunga yule mwanamke alichimba kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa. Damu haikukata vizuri, kisha ufizi ukaoza. Nilirudi Ijumaa nikiwa na kopo langu chini ya kwapa. Tulimkimbiza hospitali. Jumapili tukampoteza.

Siku mbili baada ya mazishi nilimfuata Dani nyuma ya nyumba. Nilikuwa na hasira na nilitaka mtu wa kuibeba. Nikamuuliza ilikuwaje mtu mzima kama yeye akaruhusu. Alinijibu akiwa na leso mdomoni, bila kupaza sauti, na maneno yake nimekuwa nikiyasikia kila siku tangu hapo.

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikasimama kwa miguu yangu mwenyewe. Mtoto wa mgongoni hajawahi kung'olewa kitu. Hata wale waliotung'oa sisi wasingekubali. Nilitaka kusema. Lakini wewe uliwaambia watu mdomo wangu hauna cha kufundisha, na mkeo alikuwa amekaa pale akasikia. Ningesema nini tena?"

Nilirudi ndani, na ndani nilikukuta wewe. Ulikuwa umekaa juu ya godoro la Omondi. Uliniuliza, "Baba, ni Dani alimpeleka?" Nami nikakuambia ndiyo.

Ungekuwa mchezo wangu ule, ningelipata hilo swali. Jibu ni ndiyo, mswaki ni wangu. Lakini nilijua ulikuwa unauliza kitu gani, na nilijua jibu lake, nikakupa lingine. Mama yako alikuwa mlangoni akasikia, akanyamaza, kwa sababu aliogopa ungemchukia yeye. Simlaumu. Alikuwa amemzika mtoto. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilisikia nafuu.

Tangu hapo hukukanyaga tena kwa Dani. Alikuwa akituma njugu za kukaanga, unazirudisha. Alituma salamu, nyakwara, mjukuu wangu, hajambo, unatoka chumbani. Alijua unafikiria nini, kwa maana mtoto hafichi. Hakusema hata neno moja la kujitetea. Mara moja tu alimuuliza mama yako kama ule mswaki mwekundu bado unao.

Unaweza kuniuliza nimejifunza nini, ndivyo baba hutarajiwa kusema kwenye barua hizi. Nimejifunza kitu kimoja tu nacho kimekuja kikiwa hakina kazi. Swali langu lilikuwa baya. Siku ile Kisian ningemuuliza, Mama, hayo sita yalitokaje, angesimama mbele ya wanawake wote wale, angeeleza. Angesema nani hung'olewa na nani hang'olewi kamwe. Mama yako alikuwa kwenye dawati la tatu. Angelisikia kutoka kwa mkwe wake, kwa Dholuo, na asingelisahau. Lile neno lilikuwa tayari mdomoni mwa mama yangu nami nikalipigia kengele.

Sikuacha kazi. Niliendelea miaka mingine mingi, mpaka walipotupunguza. Nilidhani watoto wale watakua na mambo yatabadilika. Mwaka jana msichana mmoja alinisimamisha barabarani, ana mtoto mgongoni, anafurahi kuniona. Aliwahi kushinda penseli yangu. Akanisomea yote pale kando ya njia, meno ya utotoni ishirini, ya ukubwani thelathini na mawili, konokono maelfu. Mtoto mgongoni alikuwa analia kilio cha chini. Nilimwomba nimwangalie, nikamfungua mdomo. Ufizi ulikuwa umechimbwa. Nilimuuliza kwa nini, naye alishangaa, akasema, "Lakini Mwalimu, hiyo si ile ya chemsha bongo. Hii ilikuwa ugonjwa." Nilimpeleka kliniki. Sijui aliishia wapi. Nilifika nyumbani nikalitoa lile kopo chini ya kitanda nikatafuta swali ambalo lingemsaidia, na halikuwepo.

Mimi mwenyewe, ukitaka kujua, nimebaki na meno ishirini na matatu. Fizi zangu ni mbaya. Mama yangu ameniacha mbali, na yake yaliyobaki yote ni mazima.

Nimemwambia mama yako ninakuandikia haya. Alisema andika, kisha akaendelea kukunja nguo. Mkionana jioni usimuulize kitu. Akikugusa nywele, mwache azishike.

Treni ni ya jioni, kwa hiyo kesho una mchana mzima. Kisian si mbali. Lakini sikuambii uende, kwa sababu sina haki hiyo, na kwa sababu nadhani tumechelewa. Ungekuwa umeisoma barua hii miaka miwili iliyopita, angekufungulia mlango akilia. Sasa hajui watu. Shangazi yako ndiye anayemlisha na kumwogesha. Omondi amemsahau, wewe amekusahau. Ukimwomba msamaha atakuuliza wewe ni binti wa nani.

Nilikwenda Jumamosi iliyopita. Niliwasikia tangu uani, wanamenya njugu, na Dani alikuwa anacheka kicheko kile cha zamani, mdomo wazi, pengo lote nje. Nilisimama nyuma ya mlango nikasikiliza, maana sikuwa nimekisikia tangu ukiwa mtoto. Kisha nikaingia.

Shangazi yako akamuuliza kama ananijua. Akaniangalia usoni kwa muda, akatikisa kichwa, akasema hapana, huyu hamjui. Na huku akisema, mkono wake ulikuwa umeshainua leso. Nilikaa naye mpaka jua likaelekea ziwani. Aliongea na shangazi yako, aliongea na kuku, na leso hakuitoa mdomoni mpaka nilipoondoka.

Ni mimi,
Baba yako.